Pikapu Kuukuu Ikichemsha: Anza na Elfu Kumi Kabla ya Kutoa Laki Tano

Pikapu ya dizeli ya miaka ya 1990 ikianza kuchemsha, tiba yake inaweza kuwa bei ya kifuniko cha rejeta au bei ya injini nzima. Dalili kwenye dashibodi ni ileile: mshale wa joto unapanda. Kinachotenganisha bili ndogo na bili kubwa ni vipimo, na vipimo vingi havihitaji zaidi ya saa moja ya asubuhi, injini ikiwa baridi.

Haya ni kwa mwenye gari la kazi: anayeshusha nyanya kutoka Ilula, anayesomba matofali Mbagala. Gari likilala gereji, na mapato yamelala. Kwa hiyo uamuzi unatakiwa wiki hii, na fedha iliyopo ndiyo hiyohiyo.

Bei nitazitaja kwa ngazi, maana zinapishana kati ya Kariakoo na Mbeya, na kati ya mwezi huu na ujao. Ngazi ya kwanza ni ya makumi ya elfu: kifuniko, themostati, mkanda, hozi, kulanti. Ya pili inagusa laki: rejeta, pampu ya maji, klachi ya feni. Ya tatu ni laki kadhaa, na hufika milioni: silinda hedi. Ya nne ni mamilioni: injini.

Kanuni ni kwamba hupandi ngazi kabla vipimo havijaimaliza ya chini yake. Kuna hali moja tu inayovunja kanuni hiyo. Dalili za hedi zikiwa wazi, usinunue rejeta wala pampu kwa matumaini. Hiyo ni fedha ya hedi unayoitupa.

Kwanza jiulize: inachemsha wakati gani?

Jibu la swali hili ni bure, na linapunguza washukiwa kwa nusu.

Ikichemsha kwenye foleni na kupoa ikipata mwendo, tatizo ni hewa. Angalia feni, mkanda wake na klachi ya feni. Gari likitembea, upepo wa barabarani unafanya kazi ya feni. Likisimama, feni ndiyo kila kitu.

Ikichemsha kwenye mwendo mkali au kwenye mlima kama Kitonga na mzigo nyuma, lakini mjini imetulia, shuku mzunguko wa maji: rejeta iliyoziba ndani, pampu iliyochoka, au hozi ya chini iliyolainika hadi inanyonywa na kubanana injini ikivuta.

Ikichemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa asubuhi, shuku themostati iliyoganda ikiwa imefunga, au gasketi ya hedi.

Maji yakipungua kila siku na chini ya gari hakuna tone, huenda yanaingia ndani ya injini. Hapo nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya hedi hapa chini.

Usiiamini geji peke yake. Kihisi cha joto kinasoma maji. Maji yakishuka chini ya kihisi, mshale unaweza kukaa katikati huku hedi inaungua. Na waya mbovu unaweza kupandisha mshale wakati injini ni salama. Kabla ya kununua chochote, hakikisha kiwango cha maji na usafishe kichwa cha waya wa kihisi.

Onyo la usalama: usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto. Maji yaliyobanwa yanaruka usoni yakiwa yamepita nyuzi 100. Zima, subiri angalau nusu saa, kisha fungua kwa kitambaa kinene. Wala usimwage maji baridi kwenye injini iliyochemsha, kwa sababu chuma cha moto kikipozwa ghafla kinaweza kupasuka, na umejihamisha mwenyewe kutoka ngazi ya kwanza hadi ya tatu.

Ngazi ya kwanza: makumi ya elfu

*Kifuniko cha rejeta.* Ndicho spea ya bei ndogo kuliko zote katika orodha hii na ndicho watu wanachokidharau. Kazi yake si kuziba tu, ni kubana maji yasichemke mapema. Juu yake kuna namba, mara nyingi 0.9 au 1.1. Kifuniko kizima cha 0.9 kinasogeza kiwango cha kuchemka kutoka nyuzi 100 hadi karibu 118. Kikifa, faida hiyo inapotea. Na ukiwa Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji yasiyobanwa yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Ndiyo maana gari linalovumilia Dar linaweza kutoa mvuke huko juu.

Kigeuze ukitazame. Mpira ukiwa umekakamaa au una mipasuko, springi ikiwa imelegea ukiibonyeza kwa kidole gumba, nunua kipya. Nunua chenye namba ileile iliyoandikwa na watengenezaji. Cha namba kubwa zaidi hakipozi zaidi. Kinachofanya ni kupasua hozi kuukuu na matangi ya plastiki.

*Themostati.* Unaweza kuipima jikoni. Itoe, ifunge kwa uzi, itumbukize kwenye sufuria ya maji bila kugusa chini, washa moto. Pembeni imechongwa namba, kwa kawaida 82 au 88, ambayo ni nyuzi inazoanza kufunguka. Maji yakikaribia kuchemka inatakiwa iwe wazi vizuri, upana wa karibu milimita 8 au zaidi. Ikigoma, au ikifunguka nusu, itupe. Ipime hata mpya kabla ya kuifunga.

Mafundi wengi watakwambia, "Toa tu, nchi yetu ni joto." Ushauri huo unaonekana wa bure lakini una bei. Injini isiyo na themostati inachelewa kufikia joto lake, inakula dizeli zaidi na inachakaa haraka. Tena baadhi ya injini hizi zina themostati yenye vali ya pili chini, inayofunga njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, njia ile inabaki wazi, sehemu ya maji inazunguka bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemsha zaidi kuliko mwanzo. Kuitoa ni sawa kwa kufika nyumbani tu.

*Mkanda na hozi.* Mkanda uliolegea unateleza, na feni na pampu vinazunguka pungufu. Kuukaza ni bure. Mkanda wenye mipasuko ubadili. Hozi iminye ikiwa baridi: ikiwa laini kama imevimba, au inatoa mlio wa kukatika, muda wake umekwisha. Mtumba wa mkanda au hozi usiuguse. Mpira unazeeka hata ukikaa dukani, na bei unayookoa haifiki gharama ya kuvutwa mara moja.

*Kulanti au maji?* Kwetu barafu si tatizo. Tatizo ni kutu na chumvi. Visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi, na chumvi hiyo inaganda ndani ya rejeta na kula alumini ya hedi. Chaguo la bei nafuu linalokubalika ni kulanti ya kuchanganya kwa maji yaliyochujwa madini, yale ya betri yasiyo na asidi. Iliyokwisha kuchanganywa ni rahisi kutumia, lakini nusu ya unachobeba ni maji uliyoyalipia bei ya kulanti. Maji matupu ya bomba ni ya dharura. Na maji ya rangi yanayouzwa kwa bei ya kutupa ni maji ya rangi. Soma chupa kama inataja dawa ya kuzuia kutu.

*Dawa ya kuziba uvujaji.* Usinunue. Haichagui tundu. Inaziba panapovuja na inaziba pia mirija ya rejeta ambayo tayari ni nyembamba. Fundi wa rejeta atakulipisha kuitoa.

Ngazi ya pili: inagusa laki

*Rejeta.* Kabla ya kununua, ioshe. Matope, makapi na wadudu vikijaa kati ya vibati vyake, hewa haipiti. Elekeza maji ya mpira kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa nguvu ndogo, maana mashine ya kuoshea magari inalaza vibati na kuongeza tatizo. Ikiwa bado, injini ikiwa moto na imezimwa, fundi mwenye kipimajoto cha kumulika apite juu ya uso wa rejeta. Sehemu iliyo baridi kuliko jirani zake imeziba ndani.

Hapo una chaguo nne.

Kuzibua kwa fundi wa rejeta ndiyo nafuu kuliko zote, na inafaa kwa rejeta ya shaba ambayo vibati vyake bado vimeshika. Anafungua matangi, anapitisha chuma kwenye mirija, anachomelea tena. Ukivigusa vibati kwa kidole na vinamomonyoka, usizibue. Umeshaipoteza rejeta hiyo.

Rejeta ya mtumba iko katikati kwa bei, lakini imeshafanya kazi miaka mingi kwingine. Jaza maji dukani, ziba chini kwa kiganja, achia: maji yatoke kwa mkupuo. Yakitoka kwa kudondoka, unanunua tatizo unalolikimbia.

Mpya ya alumini yenye matangi ya plastiki inapatikana kila mahali, ni nyepesi na inapoza vizuri. Udhaifu wake uko kwenye maungio ya plastiki na alumini. Hapo hupasuka, na fundi wa barabarani hana cha kuchomelea. Ihesabu kama kifaa cha kutumia na kutupa.

Mpya ya shaba, au kubadilisha sehemu ya ndani na kubakiza matangi ya zamani, ni ghali zaidi na si kila mji una fundi wake. Lakini inachomeleka popote. Kwa gari linalokwenda vijijini, ndiyo yenye thamani ya fedha yake. Kwa gari la mjini, alumini inatosha.

Kitu cha kuangalia katika mpya yoyote ni unene. Linganisha safu za mirija na ya zamani. Kopi nyembamba yenye safu moja pungufu inafunga vizuri, inapendeza, kisha inashindwa mlimani.

*Pampu ya maji.* Chini ya shafti kuna kitundu kidogo. Maji au alama ya kulanti iliyokauka hapo inaonyesha sili imekufa. Shika feni, itikise mbele na nyuma: ikicheza, ama beringi ya pampu ama klachi ya feni imekwisha. Pampu ya mtumba usinunue kwa bei yoyote, kwa sababu hakuna njia ya kujua sili imebakiza nini. Kati ya kopi, chagua yenye mapanga ya chuma cha kumimina kuliko ya bati lililobonyezwa, ambalo kutu hulimaliza mapema. Kama kwenye injini yako pampu inazungushwa na mkanda wa taimingi, badili vyote kwa pamoja. Kazi ya kufungua utailipa mara moja.

*Klachi ya feni.* Injini ikiwa moto na imezimwa, zungusha feni kwa mkono. Inatakiwa ikupinge. Ikizunguka kwa uhuru mizunguko kadhaa, mafuta yake ya silikoni yamevuja. Baadhi ya klachi zinaweza kujazwa upya, na hiyo ni gharama ndogo sana ukipata mafuta sahihi. Ya mtumba ni bahati nasibu. Wapo mafundi wanaoifunga kwa boliti izunguke moja kwa moja. Kweli inapoza, lakini injini inanguruma, inakula dizeli, na beringi ya pampu inabeba mzigo. Kwa mwezi mmoja wa kutafuta fedha ya mpya, sawa. Kama suluhisho, hapana.

Ngazi ya tatu: hedi

Asubuhi injini ikiwa baridi, toa kifuniko, jaza maji hadi juu, washa, tazama. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyobaki. Yakiendelea bila kukoma na kuongezeka ukikanyaga mafuta, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Rudisha kifuniko injini ikiwa bado baridi: hozi ya juu ikikakamaa ndani ya dakika moja au mbili kabla maji hayajapata moto, jibu ni lilelile. Chomoa stiki ya oili na fungua mfuniko wa kujazia oili: rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia. Ukiona hivyo, zima na usiendeshe hata kilomita moja, kwa sababu beringi za injini hazilainishwi na maji.

Gereji zilizojipanga zina chombo chenye kimiminika cha bluu kinachogeuka kijani au njano kikikutana na gesi ya moshi. Kulipia kipimo hicho kabla ya kufungua hedi ni fedha nzuri.

Sasa uamuzi. Kubadili gasketi peke yake, bila kupima hedi, ndiyo bei ndogo na ndiyo hasara kubwa. Hedi iliyopinda itaiunguza gasketi mpya, na utalipa kazi ileile mara ya pili. Ipelekwe kwenye karakana ya kukereza vyuma, Gerezani au penginepo, na mambo mawili yafanyike kwa mpangilio huu: kwanza ipimwe kwa presha kama ina ufa, ndipo isawazishwe. Wengi wanaanza na kuskimu kwa sababu ndiyo kazi inayoonekana. Unalipa uso ung'ae, kumbe kati ya vali kuna ufa.

Kwenye hedi ya dizeli usikubali ipunguzwe bila kupimwa unene uliobaki. Ikipungua sana, pistoni na vali vinakaribiana. Injini nyingi za dizeli zina gasketi za unene tofauti, zenye alama za vipande vilivyokatwa pembeni. Nenda dukani na gasketi ya zamani mkononi.

Hedi ikiwa na ufa, kuchomelea ni nafuu na mara chache hudumu. Hedi ya mtumba inafaa tu ikiwa muuzaji anakubali ipimwe presha kabla hujalipa yote. Hedi mpya ya kopi ni ghali zaidi ya zote mbili, lakini kwa injini za zamani zenye sifa ya kupasua hedi, ndiyo inayokupa miaka. Uliza kama inakuja na vali au ni tupu. Tofauti hiyo peke yake inaweza kula akiba yote uliyodhani umepata.

Bili isiyotajwa

Fundi anataja "gasketi na kufunga". Hakutajii oili mpya na filta, kulanti, boliti za hedi, gasketi za manifodi, usafiri wa hedi kwenda na kurudi karakana, pesa ya kupima, na kuvutwa kwa gari. Vikijumlishwa, vinaweza kupita bei ya gasketi yenyewe mara kadhaa. Mwambie aandike orodha nzima kabla hajashika spana. Boliti zisirudishwe kiholela: zikazwe kwa mpangilio na kwa spana ya kupimia mkazo. Fundi asiye nayo akodi, au utafute mwingine.

Nenda mwenyewe kununua spea. Ukimtuma fundi, posho yake imo ndani ya bei. Ni bora umlipe nauli na muda wake waziwazi, aje akusaidie kuchagua.

Kwenye maduka ya spea ya Mtaa wa Shaurimoyo, Dar, mazungumzo huwa haya:

"Chukua hii, bosi. OG kabisa, ya Japani."

"Ina warantii, kaka?"

"Spea haina warantii. Ikishafungwa, imefungwa."

Usibishane naye. Omba kitu kingine: haki ya kurudisha *kabla* ya kufungwa, iandikwe kwenye risiti, pamoja na namba ya spea. Utatajiwa bei mbili, na risiti na bila risiti. Ile ya chini inavutia, lakini sheria inakutaka mnunuzi udai risiti ya EFD, na bila karatasi hiyo huna pa kuanzia ukiuziwa feki.

Ngazi ya nne: injini nyingine

Injini ya mtumba inaingia akilini pale hedi ina ufa *na* oili imeshachanganyika na maji kwa safari ndefu. Isikilize ikiwaka kabla ya kulipa. Kisha ongeza gharama za juu yake: maunti, oili, hozi, kazi ya siku mbili tatu. Namba ya injini imo kwenye kadi ya gari, kwa hiyo kubadili injini kunakupeleka TRA kurekebisha kadi. Usipofanya hivyo, siku ya kuuza mnunuzi makini ataishusha bei kwa sababu hiyo.

Kipimo changu ni hiki: matengenezo yote yakizidi nusu ya bei ambayo pikapu ingeuzwa ikiwa nzima, itangaze ilivyo na uuze. Isipokuwa bodi na chesisi bado ni imara na gari linaingiza hela kila wiki. Hapo gari la kazi linalipa deni lake.

Una kiasi gani leo?

Ukiwa na makumi machache ya elfu: kifuniko, themostati iliyopimwa kwenye sufuria, kaza mkanda, osha rejeta, weka kulanti. Tembea wiki moja ukichungulia maji kila asubuhi.

Ukiwa na laki moja au mbili, na mapovu hayapo: zibua rejeta au shughulikia klachi ya feni, kulingana na kama inachemsha mlimani au kwenye foleni. Usifanye vyote siku moja, maana hutajua kipi kimeponya.

Ukiwa na laki mbili na mapovu yapo: usinunue kitu. Egesha gari, lipia kufungua hedi na kupima presha tu, kisha utafute fedha iliyobaki ukijua jina la ugonjwa. Siku chache za kuegesha zinauma, lakini pikapu iliyoegeshwa na ufa mdogo bado ina hedi ya kutengeneza. Inayoendelea kupanda Kitonga na mapovu inatafuta injini.